Siku Nilipotafsiri Nisichokijua

Wasomaji wangu, nimepotea siku nyingi. Wapo walioniuliza kama nimeacha kuandika hapa, wengine wakauliza kama nimeoa, au nimehamia Dar es Salaam kama wenzangu wote. Hakuna lolote kati ya hayo. Ukweli ni kwamba nilikuwa na jambo ambalo nalionea haya, na kila nikikaa kuandika habari nyingine lile jambo linanikodolea macho. Naandika aya mbili, nafuta, nazima kompyuta, naenda kula sato Kirumba. Leo nimeamua kulitoa.

Ilikuwa mwezi Juni, wiki ya Sikukuu ya Ekaristi Takatifu. Jamaa niliyesoma naye sekondari, ambaye siku hizi anatembeza watalii, akanipigia simu. Ana wageni wanne, akasema. Wameshachoka na tembo na simba wa Serengeti, sasa wanataka kutembea kwa miguu, waone vijiji na ziwa, halafu waishie Bujora kwenye Bulabo. Mtu wa kuwaongoza njia anaye. Anachokosa ni mkalimani wa Kiingereza na Kisukuma. “Wewe si Msukuma bwana?” Nikamjibu, Msukuma kabisa! Halafu akataja malipo: dola 30 kwa siku.

Hapa lazima niwaeleze mambo mawili. La kwanza, mimi ni mwandishi wa mkoani. Nalipwa kwa habari iliyotoka, si kwa habari niliyoandika, na isipotoka nauli ya daladala ni yangu mwenyewe. Dola 30 kwa siku ni fedha ambayo mwandishi wa mkoani haisikii mara mbili. La pili, Kisukuma changu ni cha salamu. Nimezaliwa mjini Mwanza, mzee wangu alikuwa mtumishi wa serikali na nyumbani kwetu kilugha kilikuwa kama kilevi: watu wazima wanakitumia usiku wakidhani watoto wamelala. Nikaenda Mlimani miaka mitatu, nikarudi na shahada na lafudhi ya Sinza. Najua mwangaluka, najua mwadila, najua wabeja, najua kuuliza bei ya nyanya pale Mlango Mmoja. Basi. Kazini wananitania kwa kuniita Ng'wanamalundi, yule mchezaji ngoma mkubwa wa Usukuma ambaye watu wanasema akinyoosha kidole mti unakauka. Mimi nikinyoosha kidole hata daladala haisimami.

Lakini nilikubali.

Jumamosi asubuhi gari lilitushusha Kageye, kijiji cha ufukweni mwa Ghuba ya Speke. Wengi wetu tuliosoma Mwanza hatujawahi kufika Kageye, na hapo ndipo Henry Morton Stanley alipofika mwishoni mwa Februari 1875 na msafara wake kutoka Bagamoyo, akaunganisha mashua yake Lady Alice iliyokuja kwa vipandevipande vichwani na mabegani mwa wapagazi, na tarehe 8 Machi akaanza kulizunguka ziwa zima. Ilimchukua karibu miezi miwili. Aliporudi, Mwingereza mmoja aliyemwacha nyuma, Frederick Barker, alikuwa ameshakufa kwa homa na kuzikwa hapohapo. Jina la ghuba nalo ni la Speke, aliyelitazama ziwa hili kwa mara ya kwanza tarehe 3 Agosti 1858 na kulipa jina la malkia wake, kana kwamba lilikuwa halina mwenyewe. Sisi tuliita Nyanza.

Kijana aliyetuongoza ni mzaliwa wa Kisesa, mwembamba, mwenye kandambili za tairi, na alipanda miamba kama pimbi. Yeye Kisukuma ndicho kilichomjaa, Kiswahili anacho, Kiingereza hana. Kwa hiyo kwa sehemu kubwa alinieleza kwa Kiswahili na mimi nikageuza. Hapo mambo yalikwenda vizuri kabisa. Dagaa wameanikwa mchangani, wanang'aa kama bati jipya. Mawe yale ya Mwanza mnayajua, moja juu ya lingine, unajiuliza nani aliyapanga na kwa nini hayaanguki. Mijusi yenye kichwa chekundu ikipiga pushapu juu ya mwamba. Wageni wakapiga picha za mijusi kuliko za watu, na mimi nikashukuru, maana mjusi hahitaji mkalimani.

Tatizo lilikuwa njiani tunapokutana na wazee. Mzee anasimama, anasalimu, salamu za Kisukuma si za kukimbia, anauliza nyumbani, anauliza ng'ombe, anauliza mvua. Kijana wa Kisesa ameshatangulia mbele huko na mizigo. Wageni wananigeukia mimi. “Anasema nini?” Na mimi, mtu wa dola 30, nasema: anawakaribisha, anasema mgeni ni baraka. Mzee wa pili: anasema mvua haikuwa nzuri. Mzee wa tatu alizungumza dakika tano akinyoosha fimbo kuelekea ziwani, na mimi nikasema anasimulia habari za mababu. Wakatikisa kichwa kwa heshima. Ni rahisi, jamani. Ni rahisi kuliko mnavyodhani. Mtu akishasafiri kutoka Ulaya anataka mzee mwenye fimbo azungumze habari za mababu. Labda mzee wa watu alikuwa anasema mtumbwi wake umeibwa.

Kati ya wale wageni alikuwapo mama mmoja Mjerumani, mwalimu mstaafu wa jiografia, mwenye magoti mabovu na fimbo mbili za kutembelea. Tulitembea naye nyuma ya wengine. Yeye alikuwa ameshafika Nepali, akatembea siku nyingi milimani hadi kwenye monasteri ya Tengboche, zaidi ya mita 3,800 kutoka usawa wa bahari, njia ya kwendea mlima Everest. Kila mwaka, kati ya Oktoba na Novemba, watawa wa Kibudha wa hapo wana sikukuu inaitwa Mani Rimdu. Wanasali siku nyingi, wanachora picha kubwa kwa mchanga wa rangi, punje kwa punje, halafu inakuja siku ya ngoma: watawa wanavaa vinyago na mavazi ya hariri, wanacheza uani kutwa nzima, tarumbeta ndefu zinalia hadi kifua kinatetemeka. Watu wa vijiji wanatembea mchana kutwa kuja kuona. Ikiisha, ile picha ya mchanga inafagiliwa. Nikamuuliza, wanaifagia kweli? Akasema ndiyo, hiyo ndiyo maana yake.

Akaniambia pia kitu ambacho sikukijua. Sherpa si jina la kazi. Mimi nilidhani sherpa maana yake ni mbeba mizigo wa Himalaya. Kumbe ni jina la watu, wana lugha yao, wana mashamba yao ya viazi, ila kwa kuwa wamewabebea wapanda milima mizigo kwa miaka mingi, dunia ikaligeuza jina lao kuwa la kazi. Nikamwambia hata sisi yalitupata. Karne ya 19 kule Pwani ukisema Mnyamwezi watu walielewa mpagazi, na ndani ya jina hilo walihesabiwa Wasukuma pia, maana Wasukuma ni watu wa kaskazini tu, ndilo jina lilivyo. Nilijiona nimesema jambo la maana sana. Wakati huo begi lake lilikuwa mgongoni kwangu.

Tulifika Bujora jua likizama, miguu inawaka. Kwa wasiopajua: ukitoka mjini Mwanza unachukua barabara ya Musoma, unapita Igoma, unashuka Kisesa, unapanda kilima kidogo. Padre David Clement, Mkanada wa Quebec kutoka shirika la White Fathers, alianzisha kituo hapo miaka ya 1950. Kanisa ni la duara kama nyumba ya Kisukuma. Kuna makumbusho, kuna jengo lenye umbo la kiti cha enzi cha mtemi, kuna ngoma za watemi wa zamani zimepangwa kimya. Padre huyo aliona kwamba Wasukuma hawatatenganishwa na ngoma, basi akaiingiza ngoma kanisani. Bulabo yenyewe maana yake ni maua, yale ya maandamano ya Ekaristi. Asubuhi mnatandaza maua njiani Sakramenti ipite, mchana mnashindana ngoma. Hiyo ni Kisesa ileile ambako Septemba 2021 Rais Samia alisimikwa uchifu na kupewa jina la Hangaya.

Jumapili ilikuwa hivyo hivyo. Maandamano, nyimbo, watoto na vikapu vya maua, halafu baada ya chakula uwanja ukajaa vumbi.

Nitawaeleza jinsi mashindano yanavyokwenda, kwa sababu mimi mwenyewe nilielezwa siku ile na kijana wa Kisesa, tena nikijifanya nakumbushwa. Pande ni mbili, Bagika na Bagalu. Asili yake ni waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana nani ana dawa kali zaidi, na tangu hapo wacheza ngoma wa Usukuma wamegawanyika pande hizo. Vikundi viwili vinacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, mkabala. Hakuna jaji mwenye karatasi. Anayeshinda ni yule aliyevuta watu wengi. Watu wanakimbia! Wanasimama kwa Bagalu, ghafla upande wa pili kelele zinapanda, umati wote unaondoka mbio kama kundi la mbuzi lililosikia fisi, vumbi juu, akina mama na watoto mgongoni, na wale walioachwa wanacheza peke yao mbele ya mbwa wawili. Ndiyo maana kila kundi lina siri zake na dawa zake za kuvuta watu. Wapo wa bugobogobo na majembe yao, wanarusha juu na kudaka, ngoma iliyotoka kwenye kulima. Wapo Bayeye na chatu. Yule chatu alipopelekwa upande wetu mimi niliwaacha wageni wangu wote wanne na kukimbilia nyuma ya gari la soda. Hilo silionei haya.

Ninaloliona haya ni hili. Karibu saa kumi upande mmoja akasimama manju, mtu mzima, amevaa koti la suti juu ya msuli, na filimbi shingoni. Akaanza kuimba peke yake, ngoma chini chini. Umati ukatulia. Akatoa mstari, watu wakacheka. Akatoa mwingine, wakapiga kelele. Wa tatu, mzee aliyekuwa jirani yangu akajipiga paja na kufuta machozi. Sikuelewa hata neno. Nilidaka moja tu, buluba, pamba.

“Anaimba nini?” akauliza mama mwalimu.

Nikasema: anashukuru kwa mavuno mazuri ya pamba, na anawapongeza wakulima.

Sasa ningeishia hapo ingekuwa dhambi ndogo. Lakini jioni hiyohiyo, saa kumi na moja na nusu, nilikaa juu ya jiwe nikaandika habari kwa simu na kuituma gazetini. Maana tangu mwanzo nilipanga kupata vyote viwili, dola za wageni na malipo ya gazeti. Aya ya tatu niliandika kwamba manju alitumbuiza umati kwa wimbo wa kushukuru mavuno ya pamba. Jina langu juu yake.

Usiku tuliketi nje tukinywa soda. Wageni wanacheka, wanaonyeshana picha. Mama mwalimu akaanza kusimulia tena habari ya Tengboche. Kwenye ngoma ile ya vinyago kuna mchezaji mmoja wa kizee, mchekeshaji, anawavuta watazamaji uwanjani na kuwafanyia vituko. Yeye alimuuliza kiongozi wake, kijana aliyetoka Kathmandu, huyu ni nani. Kijana akamwambia ni mungu wa theluji. Akalibeba hilo hadi Ujerumani. Akawafundisha wanafunzi wake, na picha akawaonyesha, mwaka hadi mwaka. Miaka sita baadaye akakutana na mtu aliyesoma mambo hayo akamwambia hakuna mungu wa theluji pale, ni mzee wa kuombea maisha marefu. Yule kijana hakuwa Msherpa, hakujua lugha ya pale, aliona aibu kusema sijui. “Miaka sita,” akasema, “nimewadanganya watoto darasani kwa sababu kijana mmoja aliona aibu.” Wote wakacheka. Na mimi nikacheka.

Ilikuwa saa mbili usiku. Mimi najua ratiba ya chumba cha habari. Saa mbili ukurasa bado uko wazi, simu moja tu, “bosi, toa aya ya tatu,” inatoka. Simu ilikuwa mfukoni ina chaji. Nilikwenda kulala.

Jumatatu asubuhi rafiki yangu wa Dar akanitumia picha ya ukurasa kwa WhatsApp, na vidole gumba vitatu. Habari imekaa vizuri, ina picha.

Siku hiyo tulirudi uwanjani, na yule manju akasimama tena. Watu wakaanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Mgeni mmoja, kijana, yeye hakuwapo jana wakati ule, akauliza anaimba nini. Nikarudia maneno yaleyale. Mavuno, shukrani, pongezi. Hata sura nilikuwa nimeshaipata, ile ya mtu anayejua.

Mbele yetu alikuwa ameketi bibi mmoja juu ya khanga, amefunga kilemba, anakula karanga. Akageuka taratibu. Akanitazama. Nikaamkia, “Shikamoo bibi.” Akasema, “Marahaba baba. Wewe ni mtoto wa nani?” Nikamtajia ukoo. Akauliza kwa Kisukuma kitu ambacho sikukielewa. Nikatabasamu. Akauliza tena, kitu kingine. Nikatabasamu tena. Basi akahamia Kiswahili, kwa sauti ya chini, jambo ambalo namshukuru hadi leo: “Mbona unawadanganya wageni wa watu, mwanangu?”

Kumbe alikuwa muuguzi, amestaafu, miaka yake mingi kafanya kazi na madaktari wa Kizungu. Kiingereza alikuwa anakisikia vizuri tangu nilipofungua mdomo.

Akanieleza wimbo. Manju haimbi shukrani yoyote. Anaimba kuhusu mizani. Msimu wa kununua pamba umefunguliwa, na yeye anasimulia jinsi alivyopima mzigo wake nyumbani kwa mizani ya jirani ukasema uzito mmoja, akaufikisha kwa mnunuzi ukasema mwingine, akaurudisha nyumbani ukanenepa tena. Anaiuliza pamba kama inaogopa watu wenye kalamu, maana ikiwaona inakonda. Halafu anamtania mwenyewe yule karani kwa kumwita mganga, kwamba dawa yake inazishinda za Ngika na Gumha kwa pamoja. Ndiyo maana watu wanacheka, ndiyo maana mzee alilia.

Wasomaji, mimi ni mwandishi wa habari. Malalamiko ya mizani ya pamba Usukuma ndiyo yaliyowafanya wakulima waanzishe vyama vyao vya ushirika miaka ya 1950, akina Paul Bomani, hadi likazaliwa shirikisho kubwa la Victoria Federation mwaka 1955. Hilo nililisoma Mlimani, nikalijibia mtihani, nikafaulu. Sasa mtu anasimama mbele yangu siku mbili mfululizo, anatoa habari ile ile, imekamilika, ina nani, lini, wapi, mbele ya maelfu ya watu, na mwandishi pekee aliyekuwa pale anaandika kwamba ameshukuru.

Niligeuka nikawaambia wageni. Nilisema Kisukuma sikijui, nilichowaeleza jana na juzi kuhusu wazee wa njiani sehemu kubwa nilitunga, na wimbo huu maana yake ni hii. Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Yule kijana akafunga kidaftari chake ambacho alikuwa akiandika tangu Kageye. Mama mwalimu hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alisema tu, “Ulikuwa unacheka jana usiku.” Halafu akamwomba bibi aendelee, na siku nzima bibi ndiye aliyekuwa mkalimani, mimi nikimletea soda na karanga. Jamaa yangu wa utalii aliniambia ningenyamaza tu, siku moja ilikuwa imebaki. Alinilipa siku mbili. Ya tatu nilimpa bibi, akaipokea bila kubishana.

Jioni nilipiga simu gazetini. Nikaeleza kosa, nikaomba tusahihishe. Nikaulizwa: nani amelalamika? Nikasema hakuna. Nikaambiwa basi tuendelee. Kwa hiyo naliandika hapa, ambapo hakuna wa kunizuia: aya ya tatu ya habari yangu ya Bulabo haikuwa kweli, na nilijua siijui nilipoiandika.

Wiki iliyofuata nilikwenda vijijini kuzungumza na wakulima kuhusu mizani. Niliongozana na mtu wa kunitafsiria, nikamlipa kutoka mfukoni. Habari ilitoka ukurasa wa ndani kabisa, aya nne, chini ya tangazo la simu.

Na bibi aliniambia nikitaka kujua alichoniuliza siku ile uwanjani, mara ya kwanza na ya pili, nije Jumamosi, nilete sukari kilo mbili. Nimekwenda Jumamosi saba sasa. Swali la kwanza alikuwa ameuliza kama babu yangu bado yuko hai. La pili, kama alikuwa Mgika au Mgalu. Babu alifariki nikiwa darasa la tano. La pili imebidi nimpigie mzee wangu simu. Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika, halafu akaniuliza nimeyasikia wapi maneno hayo.